Ulanguzi wa Majina

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Amani, Tanga



Waliokuwa kazini mwaka 1983 hawahitaji kufundishwa maana ya neno mlanguzi. Serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka huo, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, bidhaa zilizokuwa adimu madukani zilianza kuonekana zimetupwa vichochoroni na watu wale wale waliozificha. Mlanguzi hakuwa amefuma kitambaa wala hakuwa amelima miwa. Alikuwa na ujuzi mmoja tu: kutangulia kununua, kuficha, kisha kumngoja mwenye shida mpaka akubali bei yoyote atakayotajiwa.

Ulanguzi unaozungumzwa hapa si wa sukari wala wa sabuni. Ni ulanguzi wa majina. Mtu aliyeketi mji wa mbali, asiyejua Muheza iko upande gani wa dunia, anaweza kulipa dola zipatazo kumi na kujiandikisha kuwa mwenye jina la shule, la ushirika, la hospitali au la mji mzima katika mtandao wa intaneti. Baada ya hapo hafanyi kazi yoyote. Anangoja wenyewe wazinduke.

Kabla ya kufika kwenye sheria, hapana budi ieleweke jinsi jina linavyopatikana. Kila kompyuta iliyounganishwa na intaneti hutambulikana kwa namba. Kwa kuwa binadamu hawezi kukariri namba za dunia nzima, namba hizo zilivishwa majina, na jina la namna hiyo huitwa jina la kikoa. Kila jina lina mkia wake. Mkia wa .com ulikusudiwa biashara na umekuwa wa kila mtu, mkia wa.tz ni wa Tanzania, na chini yake yako matawi: go.tz la Serikali, ac.tz la vyuo vikuu, sc.tz la shule, or.tz la jumuiya zisizo za faida, co.tz la kampuni. Daftari kuu la mikia yote linasimamiwa na shirika liitwalo ICANN, lililoundwa mwaka 1998 na lenye makao yake katika jimbo la California, Marekani. Kwa upande wa .tz, mwaka 2006 kiliundwa kituo cha tzNIC, na mambo yote ya mkia huo yako chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kanuni ya daftari la .com ni nyepesi mno: aliyewahi ndiye aliyepata. Hapa ndipo mambo yanapotofautiana na yale ambayo mtumishi wa ardhi ameyazoea. Mtu anapoomba kiwanja kijijini, majirani huulizwa, mzee wa mtaa huitwa, mpaka hutembelewa kwa miguu. Daftari la majina haliulizi lolote. Halimwulizi mwombaji kama yeye ni Mdigo au Mdachi, wala halitaki kujua analitakia nini jina la watu wengine. Likiona fedha imelipwa na jina halijachukuliwa, linaandika.

Wa kwanza kuinusa faida hiyo walikuwa Wamarekani. Katika mwaka 1995 mtu mmoja wa jimbo la Illinois, Dennis Toeppen, alijiandikishia jina la Panavision, kampuni mashuhuri ya kamera za sinema, pamoja na majina ya makampuni mengine zaidi ya 100. Kampuni ilipolitaka jina lake, aliomba alipwe dola 13,000. Jambo la kuchekesha, na lenye mafunzo makubwa kwa mazungumzo haya, ni kile alichokiweka kwenye ukurasa huo: picha za mji mdogo wa Illinois uitwao Pana. Alitaka ionekane kwamba anautangaza mji. Mwaka 1998 mahakama ya rufani ilimkatalia, ikaona kuwa biashara yake halisi ilikuwa kuwauzia watu majina yao wenyewe. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua vivyo hivyo dhidi ya walanguzi waliokuwa wamejiandikishia majina ya Marks & Spencer, Sainsbury, Virgin na wengineo.

Makampuni makubwa hayakuridhika na kushinda kesi moja moja. Yalidai sheria, na yakazipata upesi, kwa maana mwenye nguvu anapoibiwa kengele hulia mara moja. Mwezi Novemba 1999 Marekani ilipitisha sheria dhidi ya unyakuzi wa majina ya vikoa. Sheria hiyo inamruhusu hakimu kumtoza mnyakuzi fidia ya kuanzia dola 1,000 hadi dola 100,000 kwa kila jina, hata kama mwenye alama hakuthibitisha hasara yake kwa hesabu. Miezi mitatu kabla ya hapo ICANN nayo ilikuwa imekubali utaratibu wa dunia nzima wa kusuluhisha migogoro hiyo bila kwenda mahakamani, na mlezi mkuu wa utaratibu huo akawa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, lenye makao yake Geneva. Shauri lake la kwanza liliamuliwa Januari 2000. Mkazi mmoja wa California alikuwa amejiandikishia jina la chama cha mieleka cha Marekani, na siku tatu tu baadaye akataka kukiuzia chama hicho kwa dola 1,000. Alinyang'anywa jina. Mashauri yamezidi kuongezeka tangu hapo; katika mwaka 2023 peke yake Geneva ilipokea zaidi ya 6,000.

Mlalamikaji katika utaratibu huo hana budi kuthibitisha mambo matatu, na yote matatu kwa pamoja. Kwanza, kwamba jina linalogombaniwa ni sawa na alama ya biashara ambayo yeye ana haki nayo, au linafanana nayo kiasi cha kuwachanganya watu. Pili, kwamba aliyeliandikisha hana haki wala sababu halali ya kulitumia. Tatu, kwamba aliliandikisha na analitumia kwa nia mbaya, mathalani ili amuuzie mwenyewe kwa bei ya kuruka, au ili awavute wateja wa mwenzake kwa hila. Ada ya mwamuzi mmoja, kwa majina yasiyozidi matano, ni dola 1,500. Mlalamikiwa hupewa siku 20 za kujibu. Hakuna faini wala kifungo. Mwamuzi ana uwezo wa kulifuta jina au kulihamishia kwa mlalamikaji, basi.

Utaratibu huo ni mzuri kwa kiasi chake, na wala hakuna sababu ya kuubeza. Lakini mwalimu anayezoea kusoma sentensi neno kwa neno atakuwa ameliona lile neno lililokaa mlangoni kama bawabu: alama ya biashara. Utaratibu haulindi jina. Unalinda alama. Aliye na alama anaingia, asiye na alama anabaki nje, hata kama jina hilo aliachiwa na babu wa babu yake.

Mfano ulio karibu ni jina la Amani lenyewe.

Jina hili limo katika barua na vitabu vya wataalamu wa dunia kwa zaidi ya miaka 120. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilianzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe, na bustani yake ya mimea ikawa miongoni mwa zilizosifika sana katika nchi za joto. Waingereza wakairithi. Baadaye ukaja utafiti wa malaria, na jina la Amani likaendelea katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwaka 1997 msitu ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Shirika la Uhifadhi wa Misitu Tanzania, wanavijiji wa Usambara Mashariki walianza kufuga vipepeo na kuwauza Ulaya na Marekani wakiwa bado ndani ya vifuko vyao. Biashara hiyo ilisimama Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Mradi huo wa vipepeo unafaa kutazamwa kwa makini. Wanunuzi wa ng'ambo hawakuwa wamewahi kumwona mfugaji wa hapa, wala yeye hakuwa amewaona. Kilichowaunganisha ni jina na anwani. Bidhaa ilipozuiwa, banda la vipepeo likabaki halina faida, lakini jina liliendelea kujulikana katika nchi za watu. Jina ndilo akiba iliyobaki. Vivyo hivyo kwa mkulima wa iliki, mdalasini na pilipili manga wa vijiji hivi: akitaka siku moja kuuza kwa jina la kwao badala ya kumwachia mchuuzi ayachanganye mazao yake katika gunia lisilo na jina, kitu cha kwanza atakachokihitaji ni lile jina.

Je, mtu baki akilichukua jina la Amani lenye mkia fulani, nani atakwenda Geneva kulalamika? Kijiji hakina alama ya biashara. Kata haina. Tena neno lenyewe ni neno la kila siku la Kiswahili. Mwenye hoteli, mwenye zahanati na mwenye gazeti wote wanaweza kudai, kwa haki kabisa, kwamba walilichagua kwa sababu ya maana yake na si kwa sababu ya milima ya Usambara. Kama vile Toeppen alivyotaka kujificha nyuma ya mji wa Pana, mlanguzi wa jina la Amani atajificha nyuma ya kamusi. Tofauti ni kwamba Panavision ilikuwa na alama, naye akafukuliwa huko alikojificha.

Wala isidhaniwe kwamba masaibu haya ni ya vijiji tu. Mwaka 2002 Serikali ya New Zealand ilikwenda Geneva kudai jina la newzealand.com kutoka kwa kampuni moja ya Marekani, na ikashindwa: jina la nchi, peke yake, si alama ya biashara. Baadaye jina hilo lilinunuliwa kwa takriban dola 500,000. Baraza la Jiji la Barcelona lilipewa jina lake na mwamuzi wa Geneva mwaka 2000, lakini mwaka 2003 mahakama ya rufani ya Marekani ikaligeuza shauri hilo, ikasema jina la mji ni la kueleza mahali na haliwezi kumilikiwa kama alama. Shirika la Geneva lenyewe lililichunguza suala la majina ya mahali katika taarifa yake ya Septemba 2001. Majina hayo hayakuongezwa katika ulinzi. Yako nje mpaka leo.

Brazil na Peru zilipata kipigo kikubwa zaidi. Mwaka 2012 kampuni ya Amazon iliomba mkia mzima wa .amazon uwe mali yake. Nchi ambazo mto na msitu wa Amazon unapita zikapinga kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba jina hilo ni la watu na la mazingira kabla ya kuwa la duka. Mwisho wake, mwaka 2020, mkia ulikwenda kwa kampuni. Kampuni ilikuwa na alama iliyoandikishwa katika nchi nyingi. Mto haukuwa nayo hata moja.

Kuna hatari ya pili ambayo huonekana kwa shida zaidi. Kwa kuwa alama ndiyo silaha, mwenye kuiandikisha alama ya jina la watu wengine anaweza kuigeuzia silaha hiyo upande wa wenyewe. Hapo mlanguzi haji tena akiwa mshtakiwa. Anakuja akiwa mlalamikaji, ana cheti mkononi na wakili pembeni.

Wanapwani wanalijua jambo hili kwa mfano wa nguo yao. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikishiwa neno Kikoy kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Kikoi, vazi la mvuvi na la mzee barazani, kutoka Lamu hadi Tanga na Unguja! Kama ombi hilo lingepita bila kupingwa, mfumaji au mchuuzi wa Kenya aliyetaka kuuza vikoi Uingereza kwa jina lake la asili angeweza kuzuiwa. Na anwani yake ya intaneti yenye neno hilo ingeweza kudaiwa Geneva kwa nguvu ya cheti cha London. Shirika la biashara ya haki la Traidcraft, pamoja na mawakili waliojitolea bila malipo, waliwasaidia wadau wa Kenya kuweka pingamizi. Hoja yao ilikuwa nyepesi: hilo ni jina la kitu, kama shuka au kanga, na hakuna awezaye kulifunga kamba akalipeleka kwake. Kampuni ikaliacha ombi lake.

Si kila pingamizi huwahi. Kampuni ya Disney iliomba alama ya maneno Hakuna Matata mwaka 1994, mwaka ilipotoa sinema yake ya simba, na ikaandikishiwa Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuvuma kwa watalii tangu mwanzo wa miaka ya 1980, katika wimbo wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, na kabla ya wimbo yalikuwa maneno ya watu barabarani. Kelele zilipopigwa, na maelfu ya watu wakatia saini malalamiko ya kupinga, ilikuwa mwaka 2018. Kampuni ilijibu kwamba alama hiyo haimzuii mtu yeyote kuyatamka. Ni kweli haimzuii kuyatamka. Alama hainyamazishi kinywa. Inachogusa ni fulana, na anayeuza fulana ndiye anayehitaji kula.

Katika upande wa watu waliowahi, Ethiopia ndiyo ya kutajwa. Mwaka 2005 serikali yake iliomba Marekani alama za majina ya maeneo yake matatu ya kahawa: Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kilipinga, na mvutano na kampuni ya Starbucks ukawa mkali hata ukafika katika magazeti ya dunia. Mwezi Juni 2007 pande hizo mbili zilitia saini mkataba, na Starbucks ikakubali kuyatumia majina hayo kwa kutambua umiliki wa Ethiopia. Wanasheria wengine walikuwa wameishauri Ethiopia ichukue njia ya kulinda majina ya asili ya mazao, ambayo ni ndefu na yenye ukaguzi mwingi. Ikachagua alama za biashara, silaha ile ile ya makampuni. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu mkulima mdogo mwenye miti michache nyuma ya nyumba hawezi kukaguliwa kila msimu na mtaalamu kutoka mji mkuu.

Bara zima nalo lilichelewa kulipata jina lake. Maombi ya mkia wa .africa yalipelekwa mwaka 2012. Umoja wa Afrika uliunga mkono taasisi ya Afrika Kusini. Shirika la DotConnectAfrica, lililokuwa na ofisi Nairobi, likadai haki yake. Mwaka 2015 jopo la waamuzi lilisema ICANN haikulitendea shirika hilo kwa utaratibu wake yenyewe, kesi ikaendelea katika mahakama za California, na mkia ulifunguliwa hatimaye mwaka 2017. Waafrika wawili waligombea jina la Afrika mbele ya mahakimu wa Los Angeles: picha hiyo haihitaji maelezo.

Sasa, sheria za nyumbani zinasemaje? Kwa Tanzania Bara, alama huandikishwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Alama hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Zanzibar ina daftari lake na Sheria ya Mali za Viwanda ya mwaka 2008, ambayo pia inayatambua majina ya kijiografia ya mazao. Mtumishi asichanganye mambo hapa: cheti cha Dar es Salaam hakivuki bahari kwenda Unguja, wala cha Unguja hakiji Tanga. Mfanyabiashara wa pande zote mbili hana budi kuandikisha mara mbili.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, na inagusa uvunjaji wa haki za miliki ubunifu. Lakini haina kifungu kinacholitaja kosa la kuhodhi majina. Kenya inacho. Sheria yake ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta, katika kifungu cha 28, inasema kwamba anayechukua au kutumia kwa makusudi jina, jina la biashara, alama, jina la kikoa au neno linalomilikiwa au kutumiwa na mwingine katika mtandao, bila idhini wala haki, anatenda kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Lililo bora katika kifungu hicho ni lile neno linalotumiwa. Kwa maneno hayo mwenye jina asiye na cheti naye anapata mlango. Watunga sheria wa Dodoma wangefanya vema kulitazama.

Hata hivyo kungoja sheria mpya si udhuru wa kukaa bure, maana iliyopo haijatumika. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Waamuzi wa Geneva hawaulizi alama iliandikishwa nchi gani. Cheti kilichotolewa na BRELA kinamfikisha mlalamikaji mbele yao sawasawa na cheti cha Washington au cha Berlin. Kikundi cha wakulima wa iliki chenye alama yake, hata ikiwa ni neno la mahali lililounganishwa na mchoro na maneno mengine ya kulitofautisha, kinakuwa na mahali pa kusimama. Zaidi ya hayo, asiye na cheti hajafungiwa kabisa: akiweza kuonyesha kwa hati kwamba watu wamelijua jina hilo kuwa ni la bidhaa zake kwa muda mrefu, waamuzi humsikiliza. Hati hizo ni stakabadhi za mauzo, matangazo, barua za wanunuzi na vipande vya magazeti. Ni kazi ya jalada, na hakuna mtu anayejua kutunza jalada kumshinda mtumishi wa umma. Mwalimu wa biashara anayewasaidia wanakijiji kuandika hesabu za kikundi anaweza, kwa kalamu hiyo hiyo, kuwatunzia ushahidi wa jina lao.

Kuhusu majina ya mtandao yenyewe, mkia wa nyumbani una faida ambayo wengi huidharau kwa kuona kwamba .com ndiyo ya watu wakubwa. Tawi la go.tz halimpi mtu baki nafasi. Ni la Serikali pekee, na sc.tz ni la shule. Mzazi anayelipa ada kwa kufuata anwani iliyo chini ya sc.tz anajua kwamba nyuma yake ipo shule. Lakini bado ziko ofisi zinazoandikia wananchi kwa anwani za bure za makampuni ya ng'ambo, ambazo tapeli yeyote anaweza kuziiga kwa kubadili herufi moja. Ada ya mwaka ya jina la .tz ni makumi machache tu ya maelfu ya shilingi. Ada ya kulalamika Geneva ni dola 1,500, kabla ya wakili.

Upande wa wanyonge una kinga nyingine inayofaa kujulikana. Kampuni kubwa ikimlalamikia mkulima au mwalimu ili kumnyang'anya jina alilolipata kwa haki, naye akajibu ndani ya zile siku 20 na kueleza sababu yake halali, mwamuzi anaweza kutamka wazi kwamba lalamiko lililetwa kwa nia mbaya, kwa madhumuni ya kupora jina. Tamko hilo halina faini, lakini huandikwa na kutangazwa, na makampuni hayalipendi. Anayepoteza mara nyingi ni yule asiyejibu, kwa sababu barua ilikwenda kwenye anwani ambayo hakuna aifunguaye.

Na anwani hiyo ndiyo kidonda cha mwisho. Katika ofisi na shule nyingi, jina la mtandao liliandikishwa na kijana mmoja aliyejua kompyuta, kwa jina lake binafsi na barua pepe yake binafsi. Kijana akahamishwa, au akaacha kazi, na ufunguo akaondoka nao. Hakuna makabidhiano yaliyoandikwa, kwa kuwa kitu chenyewe hakikuwamo katika orodha ya mali, pamoja na madawati na taipureta za zamani. Jina la .com lisipolipiwa halipotei siku hiyo hiyo. Kwa kawaida msajili humpa mwenyewe muda usiozidi siku 45 wa kulipa. Kisha huja siku 30 za ukombozi, ambazo ada yake ni kubwa kuliko ya kawaida. Kisha siku 5 za kungoja kufutwa, ambazo hakuna tena linaloweza kufanyika. Siku hizo zote barua za kumbusho hutumwa kwenye anwani ya yule kijana. Ile ya tano ikimalizika jina huachiwa, na mitambo ya walanguzi, iliyokuwa ikilihesabia siku zake, huliomba katika sekunde hiyo hiyo.